Maswali na Majibu: Kosa la mpandaji, nafasi ya farasi

Barua nyingi za juma hili zinahusu rufaa za wapanda farasi waliofungiwa kwa uzembe mbioni.

Swali (Jinja): Farasi niliyembetia alifika wa kwanza, kisha akashushwa. Mwenye farasi akishinda rufaa, nitalipwa?

Jibu: Hapana. Dau hulipwa kwa matokeo yaliyothibitishwa siku ile, wapandaji wakishapimwa uzito. Nimelijibu swali hili mara nyingi. Tafadhali someni masharti kabla ya kutoa shilingi.

Swali (Mbale): Ikiwa mpandaji ana hatia, kwa nini farasi wake huachiwa ushindi?

Jibu: Kwa sababu hayo ni mashauri mawili, na anayeyachanganya hataelewa rufaa hata moja. La kwanza ni la mtu: je, alichukua tahadhari iliyompasa? La pili ni la farasi: je, aliyezibiwa njia angemaliza mbele ya aliyemziba kama asingesumbuliwa? Nchini Uingereza, kosa likiwa la uzembe tu na waamuzi wasiporidhika kwamba angemaliza mbele, matokeo hubaki yalivyo, hata kama mpandaji atafungiwa siku kadhaa.

Tazameni mbio za St Leger zilizofanyika Doncaster tarehe 12 Septemba 2015. Farasi Simple Verse, aliyekuwa amebanwa katikati ya wenzake, alijipenyeza kwa kumsukuma farasi mwingine, Bondi Beach, wakagongana tena karibu na mwisho, akashinda kwa urefu wa kichwa tu. Waamuzi walimshusha hadi nafasi ya pili, lakini siku 11 baadaye jopo la rufaa likamrudishia ushindi. Umbali wa kichwa ni mdogo mno, na watu waadilifu wanaweza kuutazama mkanda uleule wakatofautiana. Ndiyo sababu rufaa lazima iwepo. Mimi, nikitazama picha za kamera ya mbele, huanza na mikono: mpandaji aliyeacha mjeledi na kuvuta hatamu mara farasi alipoanza kuhama mstari ana la kujitetea, ila aliyeendelea kuchapa hana.

Linganisheni na mbio za Kentucky Derby za 2019 nchini Marekani, ambako farasi Maximum Security alitolewa nafasi ya kwanza akawekwa ya 17. Tume ya mbio ya jimbo ilikataa rufaa ya wenye farasi, kwa kuwa kanuni zake hazikuruhusu uamuzi wa aina hiyo kupingwa, na Agosti 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho nayo ikawakatalia. Naamini waamuzi wale walikuwa sahihi, lakini hata uamuzi sahihi unapaswa kuwa na mahali pa kuhojiwa.

Swali (Kampala): Uzembe na upandaji wa hatari si kitu kimoja?

Jibu: La. Bodaboda anayekata kona bila kutazama nyuma ni mzembe. Anayekuona na bado akakuingilia ni wa hatari. Nchini Uingereza kosa hilo la pili humwondolea farasi nafasi yake kabisa.

Swali (Arua): Mbona wengine hukata rufaa huku wakijua wamekosa?

Jibu: Wengine hutafuta siku, si haki. Pale ambapo adhabu husubiri rufaa, mpandaji huendelea kupanda mbio kubwa, na ndiyo maana naunga mkono kudai amana ambayo hupotea rufaa ikionekana ya ovyo. Kucheleweshwa kwa adhabu ni kasoro hata pasipo rufaa. Tarehe 30 Septemba 2022, huko Saint-Cloud, Ufaransa, mpandaji Christophe Soumillon alimpiga mwenzake Rossa Ryan kiwiko akamwangusha kutoka juu ya farasi akiwa mbioni. Alifungiwa siku 60, lakini kuanzia tarehe 14 Oktoba. Kwa hiyo siku mbili baada ya tukio Soumillon alipanda katika mbio za Arc (Prix de l'Arc de Triomphe), mbio kubwa za Paris, na kumaliza wa pili. Ryan hakuumia, na tumshukuru Mungu, lakini adhabu inayongoja mbio kubwa ipite haimlindi mtu.

Swali (Fort Portal): Nina miaka 22. Nianze na dau la kiasi gani?

Jibu: Usianze. Sheria ya Uganda ya 2016 inataka umri wa miaka 25.

Swali (Tororo): Nikitaka kuziona mbio zenyewe, si kwenye skrini?

Jibu: Nenda Ngong, Nairobi. Simama kwenye uzio karibu na kona ya mwisho, farasi wenye uzito unaokaribia kilo 500 wapite wamebanana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kisha uniandikie tena kuhusu adhabu unazoziona kali.