Maswali ya wasomaji: fakitire ijichape yenyewe

Wahariri, jambo yenu. Depo yetu ya dawa iko Kamalondo, Lubumbashi. Fakitire zinaingia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kisha keshia anafungua PDF na kuchapa nakala mbili za A4 pamoja na bordero moja ya watu wa stoo. Siku wateja wa Likasi na Kipushi wanapokuja, foleni inafika mlangoni. Kijana wetu wa kompyuta ameweka triga (amri ya hifadhidata inayojiendesha yenyewe) inayoita `lp`, amri ya kuchapa, kila fakitire inapoandikwa, lakini mara nyingine karatasi inatoka na fakitire yenyewe haionekani popote. (Msimamizi wa depo)

Triga inaamuru mapema mno. Inafanya kazi muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kuachwa yote) ukiwa bado wazi. Kitu kikikwama baadaye, mathalani dawa haitoshi stoo, PostgreSQL inarudisha nyuma kila kitu isipokuwa karatasi. Tena printa ikichelewa kujibu, muamala unaisubiri, na keshia wa pili anakuta safu zimefungwa. Ondoeni `lp` ndani ya hifadhidata kabisa.

Triga ibaki na kazi moja: kuandika safu kwenye jedwali la kazi, ndani ya muamala uleule wa fakitire. Muamala ukivunjika, agizo la kuchapa linavunjika nao. Tuliite jedwali `kazi_chapa`, lenye namba ya fakitire, aina (fakitire au bordero), toleo, jina la printa, idadi ya nakala, hali, majaribio, namba ya kazi ya CUPS (programu inayosimamia foleni za printa) na ujumbe wa kosa. Wekeni sharti la upekee juu ya fakitire, aina na toleo, ili keshia akibonyeza mara mbili kwa haraka zisizaliwe kazi mbili. Yaliyomo yahifadhiwe kama yalivyokuwa wakati wa kuuza, pamoja na kiwango cha dola cha siku hiyo. Bila hivyo nakala itakayochapwa mwezi ujao itakuwa na faranga tofauti na ile aliyobeba mteja, na hapo mtabishana naye bure.

Nje ya hifadhidata iwepo programu ndogo inayokaa macho muda wote, tuiite kibarua. Inachukua kazi hivi:

`SELECT * FROM kazi_chapa WHERE hali='inasubiri' ORDER BY id LIMIT 1 FOR UPDATE SKIP LOCKED;`

`SKIP LOCKED` ndiyo inayoruhusu vibarua wawili kufanya kazi pamoja bila kunyang'anyana safu. Kibarua abadilishe hali kuwa 'inatumwa', afanye `COMMIT` (kuthibitisha muamala), ndipo atengeneze PDF na kuituma:

`lp -d ofisi -n 2 -o media=A4 -t fakitire-2041-1 faili.pdf`

Msiiache `media=A4`. Foleni ya printa ikibaki kwenye Letter, karatasi ya Kimarekani, printa nyingi zitawasha taa na kusubiri karatasi ambayo hamna. Jibu la `lp` lina namba ya kazi, ihifadhini. Kama kompyuta imewekwa Kifaransa, jibu hilo linaweza kuja kwa maneno mengine na programu isilitambue, hivyo endesheni amri kwa `LC_ALL=C`, ili jibu lije kwa Kiingereza.

Kumwamsha kibarua, triga iite `NOTIFY`, amri ya PostgreSQL ya kutoa taarifa, naye awe kwenye `LISTEN`, amri ya kuisikiliza. Ujumbe huo unatoka baada ya `COMMIT` tu, jambo mnalolitaka. Ila kibarua asipokuwa ameunganishwa wakati huo, ujumbe umepotea. Kwa hiyo atazame jedwali mara anapowaka, na tena kila nusu dakika hata kama hakuitwa.

Sasa pagumu. Umeme ukikatika baada ya `lp` na kabla namba haijahifadhiwa, safu inabaki 'inatumwa' na hakuna ajuaye kama karatasi ilitoka. Kibarua akiwaka tena asitume upesi. Aiulize CUPS, pamoja na kazi zilizokwisha, kama kuna yenye jina `fakitire-2041-1`. Jina la `-t` liliwekwa kwa ajili hiyo. Ikiwepo, aendelee na hiyo. Isipokuwepo, atume. Hata CUPS ikisema kazi imekwisha, kwa printa nyingi, hasa zinazopokea kwa mlango wa mtandao 9100, maana yake ni kwamba data imefika, si kwamba karatasi imetoka. Kwa hiyo wekeni kitufe cha kuchapa upya kinachoongeza toleo na kuandika NAKALA kwa herufi kubwa juu ya karatasi.

Kila umeme ukirudi, printa yetu ya mtandao inakaa kimya hadi mtu aiwashe upya kwenye CUPS. Kwa nini? (Msomaji, Kipushi)

Tazameni `lpstat -p`. Ikionyesha foleni imezimwa, sera yake ya makosa ni `stop-printer`: kosa moja, foleni yote inasimama. Ifungueni kwa `cupsenable ofisi`, kisha badilisheni sera:

`lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job`

Someni pia `JobRetryInterval` na `JobRetryLimit` ndani ya `cupsd.conf`, kwani majaribio yakiisha kazi inatupwa. Kama foleni haijazimwa, huenda ruta imewaka na kuipa printa anwani nyingine ya IP. Ifungeni anwani hiyo kwenye ruta. Printa ya leza msiiweke kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo. Inapopasha joto inavuta umeme mwingi kwa ghafla na UPS inazima pamoja na seva.

Printa yetu ya risiti ya milimita 80 inaandika «Re├⌐u» mahali pa «Reçu», na bei zinatoka «125?000». (Butiki, Lubumbashi)

Tunadhani mmenakili alama kwa haraka, kwani ├⌐ ni é. Herufi ç ingetoka ├º. Chanzo ni kimoja: mnatuma UTF-8, mpangilio wa herufi ambamo kila herufi ya namna hiyo ni baiti mbili, na printa inasoma kila baiti peke yake. Badilisheni maandishi yawe Windows-1252, mpangilio wa baiti moja kwa kila herufi, na kabla yake tumeni baiti 1B 74 10, zinazochagua jedwali hilo la herufi kwenye Epson. Aina nyingine zinaweza kuwa na namba tofauti: zimeni printa, shikilieni kitufe cha karatasi, iwasheni, nayo mara nyingi itachapa orodha ya majedwali yake. Alama ya kuuliza huenda inatokana na nafasi nyembamba ambayo programu nyingi za Kifaransa huweka kati ya maelfu, U+202F, isiyokuwemo kwenye Windows-1252. Ibadilisheni kuwa nafasi ya kawaida kabla ya kutuma.