Shujaa wa hadithi yangu ni nusu mtu, nusu jini: je, naruhusiwa kumwandika?

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni msichana, naandika hadithi ya kubuni inayotoka sehemu kwa sehemu, wasomaji wangu huisoma kwenye simu. Shujaa wake ni binti wa mjini: mama yake mtu, baba yake jini. Mchana yuko kazini kama wenzake; usiku ule upande wa pili unampanda, macho yanageuka rangi, anaumiza watu, na asubuhi analia. Nauliza: kuandika mambo haya ni dhambi? Na kweli anaweza kuwepo mtu wa namna hiyo? La tatu naona haya kulisema. Siku hizi nikimfokea mama yangu na kubamiza mlango, najiambia, "Huyo si mimi, ni ule upande wangu wa jini." Wasomaji nao wameanza kusema hivyo hivyo, kwa mzaha. Naomba mwongozo. Nimekutumia sehemu mbili za mwanzo.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh, binti yangu. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Sehemu zote mbili nimezisoma. Ya pili niliishika baada ya Isha kwa nia ya kuichungulia tu, nikaja kulala usiku umekwenda. Nakwambia hili usije ukadhani unajibiwa na mtu asiyejua utamu wa hadithi.

La kwanza ni jepesi. Hadithi ya kubuni ambayo msomaji anajua fika kuwa ni ya kubuni haimo katika uongo ulioharamishwa, kwa sababu mwongo ni yule anayetaka aaminiwe. Hii ndiyo rai ya wanazuoni wengi wa zama zetu, ingawa wapo waliokaza. Na zamani vilevile: Maqama za al-Hariri, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122), ni visa vya ayari mmoja, yaani tapeli, mwenye ulimi wa asali, na wanazuoni walizisoma, wakazifundisha na kuzisherehesha. Sharti ni kwamba usiifanyie Qur'ani mchezo, usipambe zinaa, wala usifundishe uchawi. Hapo kwenye uchawi nina neno nawe. Katika sehemu ya pili yupo mzee anayeita majini, na maneno anayoyasema umeyaandika moja baada ya jingine. Yaondoe. Hata kama umeyatunga mwenyewe, atatokea mtoto atakayeyajaribu usiku akiwa peke yake chumbani.

Je, anaweza kuwepo mtu wa damu mbili? Allah anasema katika Suratun-Nahl (16:72) kwamba ametujaalia wake kutokana na nafsi zetu, yaani jinsi yetu. Wanazuoni wametofautiana kama ndoa ya mtu na jini yawezekana, na Imam Malik amenukuliwa akilichukia jambo hilo kwa sababu ya busara sana: asije mwanamke akaonekana na mimba, akiulizwa mumeo nani aseme ni jini, ufisadi ukaenea. Mimi sijui andiko lolote sahihi linalothibitisha mtoto wa aina hiyo, kwa hiyo usimwamini anayejidai kuwa naye, wala usimnyooshee kidole mtu aliye hai ukasema huyu nusu jini. Libaki kwenye hadithi yako.

Lakini unajua kwamba shujaa wako ana dada yake wa kale? Wasimulizi walisema hayohayo juu ya Malkia wa Sabaa, ambaye Qur'ani haikumtaja jina na vitabu vya tafsiri humwita Bilqis. Walidai mmoja wa wazazi wake alikuwa jini, na kwamba miguu yake ilikuwa na manyoya, wengine wakaongeza kwato za punda. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani, aliipitia riwaya ya mzazi jini akasema ni ngeni na sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ina udhaifu. Basi tuyaache manyoya, tutazame Qur'ani yenyewe imesema nini.

Malkia anaingizwa kwenye kasri la Nabii Suleiman. Sakafu inang'aa, anadhani ni maji mengi, anapandisha nguo na miundi yake inaonekana. Anaambiwa: hili ni kasri lililosakafiwa kwa vioo. Wakati huohuo anatamka (27:44): "Mola wangu, hakika nimeidhulumu nafsi yangu, na nimejisalimisha pamoja na Suleiman kwa Allah, Mola wa viumbe vyote." Alikuwa analiabudu jua, na watu wake wote vilevile, udhuru alikuwa nao mkononi kama angeutaka. Angesema nimezaliwa hivi, nimelelewa hivi. Hakusema.

Maneno hayo, nimeidhulumu nafsi yangu, yafuatilie ndani ya Msahafu. Adam na mkewe waliyasema baada ya kula mti (7:23), na walikuwa wamedanganywa kwelikweli. Nabii Musa alipompiga ngumi yule mtu akafa, kwanza alisema hii ni kazi ya shetani, na aya inayofuata akasema, "Mola wangu, nimeidhulumu nafsi yangu, nisamehe" (28:15-16). Shetani amemtaja kwa jina, ila kosa hakumwachia shetani, amelibeba yeye.

Sasa sikiliza udhuru wa Ibilisi alipoulizwa kwa nini hakusujudu. "Mimi ni bora kuliko yeye, umeniumba kwa moto, naye umemuumba kwa udongo" (7:12). Na alipofukuzwa: "Kwa kuwa umenipotoza..." (7:16). Wa kwanza kujitetea kwa asili yake ni yeye. Moto ndio uliokuwa hoja yake. Kwa hiyo shujaa wako anaposimama mbele ya kioo katika sehemu ya kwanza, macho yamekuwa mekundu, akasema "sikuwa na hiari, nimetoka kwenye moto," hayo si maneno ya damu ya baba yake. Umempa hoja ya Ibilisi bila kujua. Na wewe ukiisema nyuma ya mlango uliobamiza, umeichukua hoja ileile, ila ya kuazima, maana wewe baba na mama zako wote ni watu.

Nimeona pia kwamba maji ya udhu yanamuunguza mkono, na adhana ya Alfajiri inamfukuza ndani ya nyumba. Hapa umekosea, na kosa hili linakuharibia hadithi. Majini ni viumbe waliokalifishwa kama sisi, yaani wamebebeshwa amri na makatazo ya dini. Kundi lao liliisikia Qur'ani likaamini, sura nzima ikateremshwa kuwahusu, na wenyewe wanasema ndani yake kuwa wapo miongoni mwao wema na wasio wema (72:11). Anayekimbia adhana ni shetani. Na shetani si kabila: Qur'ani inataja mashetani wa kibinadamu na wa kijini (6:112), ikaanza na wa kibinadamu. Wahenga walisema Ibilisi wa mtu ni mtu, wala hawakukosea. Mbona basi usimgeuze? Baba jini anayeswali, na mama mtu mwenye chuki. Binti akigundua katikati ya hadithi kwamba ukatili wote alioubandika upande wa baba ulitoka kwake mwenyewe, utaona wasomaji wako watakavyotulia na mzaha wao.

Mvutano wenyewe siukatai, ni wa kweli. Allah ametaja nafsi inayoamrisha maovu (12:53) na nafsi inayojilaumu (75:2), na sote tunaishi kati ya hizo mbili. Kule kulia kwa binti asubuhi ni hiyo ya pili inafanya kazi yake. Tena yuko karini, jini anayeandamana na mtu. Amepokea Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, kutoka kwa swahaba Ibn Mas'ud kwamba Mtume (S.A.W.) alisema hakuna yeyote kati yetu ila amewekewa mwenzake katika majini. Wakauliza: hata wewe? Akasema hata mimi, ila Allah amenisaidia juu yake. Neno linalofuata limesomwa namna mbili, na Imam Nawawi amezitaja zote: "nikasalimika naye," au "akasilimu," basi haniamrishi ila kheri. Jini huyo yuko pembeni yako. Anachoweza ni kuita. Siku ya Kiyama shetani mkuu atawaambia waliomfuata: sikuwa na mamlaka juu yenu isipokuwa niliwaita mkaniitikia, basi msinilaumu mimi, jilaumuni wenyewe (14:22). Ile "amenipanda" haitakuwa na shahidi.

Katika Bukhari, kitabu kingine cha hadithi za Mtume, imo hadithi iliyosimuliwa na Sulayman bin Surad. Watu wawili walikuwa wakitukanana mbele ya Mtume (S.A.W.), mmoja uso umekuwa mwekundu na mishipa ya shingo imemvimba. Mtume akasema: nalijua neno, lau angelisema, ingemtoka hasira hii aliyonayo, aseme audhu billahi minash-shaytan, yaani najikinga kwa Allah na shetani. Wakamfikishia. Akajibu: "Kwani mimi nina wazimu?" Kila nikiipitia hadithi hii nacheka kidogo, kisha najikumbuka. Uso mwekundu, mishipa, kama ulivyomweleza binti yako anapobadilika, na hapakuwa na nusu jini pale. Alikuwa mtu tu amekasirika, na dawa ilikuwa maneno machache aliyoyaona ya kumdhalilisha.

Kama hasira inakuja bila sababu, hulali, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, soma Ayatul-Kursiy na Mu'awwidhatayn, yaani sura mbili za mwisho za Qur'ani, na umwone daktari, yote mawili. Kwa ulivyoniandikia sidhani kama ndiko uliko, lakini wanaosoma jibu hili ni wengi.

Umesema una haya. Haya ni nusu ya njia. Allah amekataza kuwaambia wazazi hata "ah" (17:23), sembuse mlango. Leo, kabla hujaandika mstari, nenda kwa mama yako umwambie: nilikufokea, nisamehe. Usimtajie karini wala hadithi wala uchovu. Akikuuliza ni nini kilikupata, sema: ni mimi tu, mama.

Sehemu ya tatu ikiwa tayari nitumie, ila nitumie asubuhi.

Wallahu a'lam.