Maswali na Majibu: "Atasahau Tu, Bado Mdogo"

Mwanangu wa miaka 3 alishuhudia baba yake akinipiga. Tumeshahama, tuko Pasua, kumetulia. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na nikiingia chooni analia mlangoni. Shangazi yake anasema atasahau. Mama J, Moshi

Shangazi anachanganya kusahau na kukosa maneno. Mtoto wa miaka 3 huenda asiweze kukusimulia vizuri alichokiona, ila mwili wake unakijua. Mlango ukibamizwa, moyo unamwenda mbio kana kwamba kipigo kimerudi. Hofu hiyo ikimpanda kila siku na hakuna wa kumtuliza, inamharibia usingizi, kula na hata kujifunza. Kukojoa huko si jeuri, kwa hiyo usimtangaze kwa majirani kila unapoanika godoro. Ukienda chooni muage, mwambie unarudi, na urudi kweli. Kula, kuoga na kulala viwe saa zilezile. Ukimkuta anagonganisha wanasesere wake na kuwapigia kelele, kaa naye. Hiyo ndiyo simulizi yake. Wiki zikipita bila nafuu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia afya ya akili.

Hukuniuliza, lakini nasema: huyo bwana akija usiku amelewa eti "kumwona mtoto", usifungue. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

Kiboko kidogo kwa mtoto mkaidi wa miaka 4 kina ubaya gani? Baba wa Sakina, Arusha

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kinamfundisha kukuogopa, basi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu walipigwa au kuumizwa kabla ya miaka 18, na wapigaji wakuu ni watu wa familia na walimu. Hao waliopigwa ndio sisi. Tutazame hasira zetu tunapoendesha magari.

Nimpeleke bweni akiwa na miaka 6, akomae? Mzazi, Njiro

Hapana. Tangu 2023 serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, labda shule iwe na kibali maalumu. Unataka akomae au unataka kupumzika?

Mama wa mjukuu wangu wa miaka 4 alifariki. Tulimwambia amesafiri. Sasa kila Noah ya abiria ikisimama barabarani anakimbilia getini. Bibi, Marangu

Pole sana, bibi. Mlitaka kumkinga, mkamfanya mlinzi wa barabara. Mwambieni leo, wewe mwenyewe ukiwa umempakata: mama amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, harudi. Msiseme "amelala", ataogopa kulala. Atauliza tena kesho na keshokutwa; jibu liwe lilelile, bila kumkaripia. Akikuona unalia, si vibaya. Kama kaburi liko hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, mpeleke, mpe jani la isale, mmea wa heshima kwetu Wachaga, aliweke kwa mkono wake.