Maswali ya Wasomaji: Kubadili Masafa ya Ndege za Rimoti

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu aliishi Uingereza miaka mingi, na aliporudi alinipa ndege ya mfano ya kujifunzia pamoja na rimoti yake, ambayo imebandikwa karatasi inayosema 35 MHz, chaneli 77. Mimi na wenzangu wawili hurusha ndege zetu siku za Jumapili huku Kigamboni. Mwezi uliopita, ndege yangu ikiwa angani, mmoja wao aliwasha rimoti yake ya zamani ili aijaribu, na papo hapo ndege yangu ikabiruka na kuangukia kwenye mikorosho. Tulipoichunguza rimoti ile tukakuta nayo ni chaneli 77. Mwenzetu wa tatu ana vifaa vya 72 MHz vilivyotoka Marekani, na yuko tayari kunigawia kristali zake za akiba. Je, nikizichomeka kwenye vifaa vyangu nitakuwa nimehamia 72 MHz na kuepukana na balaa hili? — Msomaji wa Kigamboni

JIBU: Pole kwa ndege, ndugu yetu. Hutakuwa umehamia, na afadhali kristali hizo zibaki kwa mwenyewe. Kristali ni kipande chembamba cha jiwe la kwatzi kilichofungiwa ndani ya kikopo cha bati chenye miguu miwili, nacho kazi yake ni kutetema kwa kasi moja isiyobadilika ili rimoti ijue itoe wimbi la kiasi gani (MHz moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde, na kHz moja ni elfu moja). Lakini nyuma ya kristali kuna koili na saketi nyingine ambazo kiwandani zilirekebishwa kwa ajili ya 35 MHz tu. Ukichomeka kristali ya 72 MHz humo, ama rimoti itakaa kimya, ama itatoa wimbi dhaifu na chafu linalomwagika mahali pasipotakiwa, na risiva iliyo ndani ya ndege, ambayo nayo ilirekebishwa kwa 35 MHz, haitakuwa na habari nalo.

Kinachowezekana ni kubadili chaneli ndani ya bendi yako ileile, yaani ndani ya fungu lako la masafa. Katika mpango wa Uingereza, bendi ya 35 MHz iliachwa kwa ndege za mfano peke yake, ikagawanywa kuanzia chaneli 55 hadi 90, kila moja ikiwa mbali na jirani yake kwa 10 kHz. Chaneli 60 ni 35.000 MHz kamili, kwa hiyo 77 yenu ni 35.170 MHz. Wewe ukienda, tuseme, chaneli 65, ambayo ni 35.050 MHz, na mwenzako akabaki pale alipo, mnaweza kurusha kwa pamoja bila kugombana, mradi vifaa vyote viwili viwe vizima.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo naomba nikae kidogo. Kristali hununuliwa mbili, moja ya rimoti na nyingine ya risiva, na ingawa zote mbili zimeandikwa namba moja ya chaneli, kwa ndani si sawa. Risiva ya kawaida huchanganya wimbi linaloingia kutoka kwenye antena na wimbi linalotengenezwa na kristali yake, kisha ikafanyia kazi ile tofauti inayobaki, ambayo ni 455 kHz. Kwa chaneli 77, kristali ya risiva hutetema kwa 34.715 MHz ilhali ya rimoti inahusu 35.170 MHz. Ukizipachika kinyume, hakuna kitakachoungua, ila rimoti itakuwa inapiga kelele mahali ambapo risiva haisikilizi, na pengine mahali ambapo mtu mwingine anasikiliza. Vilevile zipo risiva zinazoshusha wimbi kwa hatua mbili, kwanza hadi 10.7 MHz na baadaye hadi 455 kHz, na hizo zina kristali zake za pekee zisizoweza kuazimana na zile za hatua moja hata kama chaneli ni moja. Tafuta kristali za kampuni ileile iliyotengeneza kifaa chako. Ile ya bei poa iliyotoka kwenye kopo la mchanganyiko dukani inaweza kuwasha mtambo vizuri mezani na kukutupa ukiwa mita mia mbili.

Baada ya kubadili, usirushe kabla ya kupima. Kunja antena ya rimoti hadi chini, mwache mwenzako ashike ndege, kisha tembea hatua ishirini hadi thelathini ukiendelea kuchezesha vijiti. Sevo, yaani vile vimota vidogo vinavyogeuza usukani wa ndege, zikianza kutetema zenyewe kabla hujafika huko, ndege ibaki chini. Kwa ninyi mnaoishi karibu na bahari, angalia kwanza tundu linaloshika miguu ya kristali na viplagi vya sevo, kwa sababu chumvi ya hewa hula shaba ikaacha unga wa kijani, na unga huo hutoa dalili zilezile ambazo watu huzisingizia masafa. Antena ya risiva, ule waya mrefu wa kama mita moja unaoning'inia kuelekea mkiani, usiukate wala kuuviringisha ili upendeze. Urefu wake umepimwa pamoja na saketi ya risiva.

Kristali hata hivyo haizuii mtu kuwasha rimoti ovyo. Klabu za nje zilitatua jambo hili kwa ubao na vibanio vya nguo: kila chaneli ina kibanio chake chenye namba, na anayetaka kuwasha rimoti lazima kwanza akichukue kibanio hicho ubaoni na kukibana kwenye antena yake. Kibanio kisipokuwepo, maana yake yuko mtu hewani kwa chaneli hiyo, nawe unangoja. Hata ninyi watatu mnaweza kuanza na utaratibu huo Jumapili ijayo kwa ubao wowote na kibanio kimoja kwa kila chaneli kutoka kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kama mngekuwa nao mwezi uliopita, mikorosho isingepata mgeni.

Pamoja na hayo yote, ushauri wangu ni kwamba usitumie fedha kwenye kristali. Namba iliyobandikwa kwenye rimoti inaeleza sheria ya nchi kifaa kilikotoka. Bendi ya 35 MHz kwa ndege za mfano ni mpango wa Ulaya, ile ya 72 MHz ni ya Marekani, ambako waliweka chaneli hamsini kuanzia 72.010 hadi 72.990 MHz, na Waaustralia walikuwa na ya kwao ya 36 MHz. Kibandiko hicho hakikupi ruhusa ya kurusha mawimbi hayo Dar es Salaam, ambako mwenye kugawa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na haiwezekani kujitetea kwamba mjomba alikuwa na haki hiyo alikokuwa akiishi.

Hamia 2.4 GHz, yaani 2,400 MHz, bendi ya rimoti za siku hizi ambazo hujipangia chaneli zenyewe bila kristali ya kubadili. Huhitaji kununua kila kitu upya. Tazama mgongoni mwa rimoti: kama kuna kisanduku kinachochomoka, hiyo ni moduli ya mawimbi, na kwa baadhi ya rimoti zipo moduli za 2.4 GHz zinazoingia mahali hapohapo. Kama hakuna, utanunua rimoti mpya na risiva yake, lakini sevo, mota na ndege yenyewe vitabaki. Plagi za sevo nyingi zina waya tatu, chanya ukiwa katikati, na zinaingia kwenye risiva mpya bila matatizo. Sevo kongwe sana zikaguliwe na fundi kabla ya kuchomekwa, maana zipo zilizopangwa waya tofauti. Kisha utaoanisha rimoti na risiva kwa kufuata kijitabu chake, na kuanzia hapo risiva itatii rimoti hiyo moja tu.

Jambo moja liangalie sana: betri. Risiva ya zamani umeme ukishuka ghafla hulegea na kurudi mara moja, lakini risiva ya 2.4 GHz ni kompyuta ndogo, na umeme ukishuka chini ya kiwango chake huzimika na kuanza kuwaka upya, na sekunde hizo ndege inajiendea. Ukiiwekea ile pakiti ya zamani ya volti 4.8 aliyokuja nayo mjomba, iliyolala kabatini miaka mingi, utaanguka tena na kuilaumu 2.4 GHz bure.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatumia rimoti ya 2.4 GHz na ndege ya povu niliyoiimarisha kwa fito za kaboni. Risiva nimeiweka chini ya betri, na juu kuna kamera ndogo inayotuma picha kwenye simu kwa waifai. Ndege hupoteza mawasiliano kwa sekunde moja au mbili kila inapokata kona upande wa kushoto, na nadhani sababu ni waifai za maghorofa ya jirani. Muuzaji mmoja ananishauri nibadili masafa na kununua moduli ya 915 MHz, akisema inafika kilomita nyingi na haisumbuliwi na waifai. Je, ninunue? — Msomaji wa Tabata

JIBU: Usinunue. Umetaja mwenyewe mambo matatu yanayoweza kuleta tatizo hilo, na maghorofa si mojawapo.

Bendi hii inaanzia 2,400 hadi 2,483.5 MHz na ni kweli imejaa watu: waifai, Bluetooth, hata majiko ya maikrowevu. Ndiyo maana rimoti za siku hizi hazikai mahali pamoja. Nyingi hurukaruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde, rimoti na risiva zikifuata mpangilio mmoja zinaoujua zenyewe, hivyo kelele ya mahali pamoja huharibu kipande kidogo tu cha maagizo. Huna masafa ya kubadili kwa mkono, na hukuwekewa kitufe cha kazi hiyo kwa sababu kazi inafanyika bila wewe.

Kinachokusumbua huenda ni kivuli. Urefu wa wimbi la 2.4 GHz ni kama sentimita 12 na nusu, na wimbi fupi namna hiyo huzuiwa kwa urahisi na kaboni, na betri, hata na maji yaliyomo mwilini mwa mtu anayesimama mbele yako. Tatizo kutokea kwenye kona ya upande mmoja tu ni dalili nzuri sana kwa mchunguzi, kwani ndege inapolala upande huo, betri na fito zinakaa kati ya antena na rimoti yako. Hamisha risiva mbali na betri. Sehemu inayofanya kazi kwenye antena ya risiva ni ile ncha ya takriban milimita 31 iliyovuliwa gamba la chuma la ndani. Ncha hiyo isiguse kaboni wala isipite sambamba na fito. Kama risiva ina antena mbili, zielekeze ili zifanye pembe ya mraba, moja ikiwa imelala na nyingine imesimama, ili moja ikikosa kuona rimoti nyingine iione. Halafu ondoa kamera ile kwa majaribio. Mtambo wa waifai uliobandikwa sentimita chache kutoka kwenye risiva ni adui mkubwa kuliko waifai zote za Tabata.

Kuhusu 915 MHz, muuzaji anakuuzia bidhaa ya nchi nyingine. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu, na bendi ya 902 hadi 928 MHz imewekwa kwa matumizi ya namna hii katika kanda ya pili, yenye Marekani. Sisi tuko kanda ya kwanza pamoja na Afrika yote na Ulaya, ambako simu za GSM hutuma mawimbi yake kuelekea mnarani kati ya 890 na 915 MHz, na minara hujibu kati ya 935 na 960 MHz. Moduli hiyo ikianza kurukaruka itakanyaga mahali ambapo mnara unasikiliza simu za watu. Kuna toleo la 868 MHz linalotumika Ulaya, lakini hilo nalo usilichukulie kuwa limeruhusiwa hapa. Nenda ofisi za TCRA pale Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, ukaulize kabla hujatoa fedha. Na hizo kilomita nyingi za nini, ikiwa ndege inapaswa kubaki pale macho yako yanapoiona? Kwa kuwa umeweka kamera, uliza pia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuhusu usajili na kibali cha kurusha, maana huko hawataangalia masafa bali chombo chenyewe na mahali unaporushia.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Wanangu wawili walinunuliwa helikopta za kuchezea zinazofanana, zimeandikwa 27 MHz. Akicheza mmoja zinatii, wakicheza wote zinachanganyikiwa na watoto wanagombana. Je, fundi anaweza kubadili moja? — Mama wawili, Upanga

JIBU: Marahaba, mama. Fundi anaweza, lakini gharama yake itazidi bei ya helikopta. Midoli mingi ya aina hiyo hutengenezwa kwa masafa mawili, 27 MHz na 49 MHz, na kwa kawaida boksi huandikwa mojawapo. Rudi dukani na risiti uombe kubadilishiwa moja kwa ile ya 49 MHz. Dukani kusipokuwa nayo, chukua ya 2.4 GHz. Kabla ya kuondoka, mwambie muuzaji aziwashe zote mbili kwa pamoja mbele yako.