Maswali na majibu: Daraja la Malagarasi

Safari hii maswali yote yanahusu Daraja la Malagarasi, liitwalo pia Daraja la Kikwete, lenye urefu wa mita 275, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini kuvusha barabara ya Kaliua hadi Uvinza juu ya Mto Malagarasi, magharibi mwa Tanzania.

Shikamoo. Kiangazi mto ni mwembamba. Mita 275 za nini? (Muuza mawese, Kigoma)

Marahaba, mwanangu. Pita tena masika. Malagarasi na mwenzake Moyowosi hupita kwenye mbuga tambarare, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani. Huko maji yakizidi hutanuka pembeni. Ukiyabana kwa tuta refu na daraja fupi, yatapita kwa kasi na kuchimba udongo unaoshika nguzo.

Lori likipita, daraja linatikisika. Tena kuna ufa umenyooka toka ukingo hadi ukingo. Linavunjika? (Dereva, Tabora)

Halivunjiki. Kutikisika kidogo ni kawaida, na huo si ufa, ni nafasi iliyoachwa makusudi. Zege hutanuka kwa jua na kunywea kwa baridi. Likikosa nafasi hujipasua. Ila mchanga na kokoto zikijaa humo, ni sawa na kutokuwa na nafasi.

Linaloniuma zaidi ni vitundu vya kutolea maji kandokando. Juzi, kwenye daraja jingine, niliinama nikachomoa gunzi la muhindi na kizibo cha chupa kwenye kitundu kimoja. Maji yalikuwa yametuama mpaka kifundoni. Maji hayo hupenya yakafikia nondo, nondo zikashika kutu, kutu ikavimba na kubandua zege. Tafadhalini, takataka zenu zibaki garini. Na ukiona ufa wa kweli, hasa wenye michirizi ya rangi ya kutu, toa taarifa TANROADS, wakala wa barabara, siku hiyohiyo.

Treni inapita hapo? (Mwanafunzi, Urambo)

Hapana. Reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina daraja lake.

Babu husema zamani kuvuka kulilipiwa. Kweli? (Uvinza)

Kweli kabisa. Misafara ilitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa Uvinza ndipo ivushwe kwa mitumbwi. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walivuka hivyo mwaka 1858. Mpelelezi mwenzao Stanley naye, mwaka 1871, alilipa, na bado punda wake alikamatwa na mamba akiogeleshwa kwa kamba. Kama babu anakumbuka kivuko alichotumia ujanani, andika jina la kivuko hicho uniletee, nalitaka sana.