Hapo ni wapi? Jinsi ninavyozitambua rasi za jangwani kwenye picha za safari

Kama uko kwenye grupu lolote la WhatsApp la familia au la wapenda safari, hizi picha unazijua. Bahari ya kijani, mlima mkavu usio na jani, jahazi moja limetia nanga, na kapsheni imeandikwa "peponi" basi, jina la mahali hamna. Huko chini watu wanaanza, huyu anasema Misri, yule anakataa anasema Omani, mwingine anatoka na Meksiko, na mwisho anayeshinda ni mwenye maneno mengi.

Mimi naishi Maskati, nimezoea kuona mawe makavu na bahari kila siku, na hii kazi ya kuijua picha imepigwa wapi naipenda kweli. Lakini naifanya pia kwa sababu kuna watu wanatoa hela zao kwa picha. Wakala anaweka picha nzuri, anasema safari ya Musandam, kule kaskazini mwa Omani, siku tatu, kumbe picha imepigwa nchi nyingine kabisa na boti anayoisema hata haipo. Kwa hiyo leo nataka nikuelekeze ninavyofanya, na wewe ujaribu.

Kitu cha kwanza kabisa, usianze na kile kizuri kilichokuvutia. Watu wote wanaanza na rangi ya maji, na rangi ya maji ndiyo inayodanganya kuliko vyote, mtu kaongeza rangi kwenye simu yake na Bahari ya Shamu imekuwa Karibi. Anza na swali moja tu: bahari iko upande gani? Rasi ni nchi iliyochomoza baharini, ina pwani ya huku na pwani ya kule, ukishajua maji yako mashariki au magharibi ya aliyeshika kamera basi nusu ya pwani umeshaifuta kwenye ramani, na bado hujagusa kitu kingine.

Sasa upande utaujuaje? Jua. Na hapa sisi watu wa Afrika Mashariki inabidi tujifunze upya, maana Mombasa na Dar es Salaam tuko karibu na ikweta, jua la mchana miezi mingine liko kaskazini miezi mingine kusini, hatukuzoea kulitumia kama dira. Ukienda Musandam, ambayo iko kama nyuzi 26 kaskazini, jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima, haijalishi Januari au Julai. Kwa hiyo ukiona picha ya mchana, vivuli vifupi, angalia vinaelekea wapi, huko ndiko kaskazini. Sinai, ile rasi ya Misri, hivyo hivyo. Lakini ukishuka mpaka Paracas kule Peru, kusini mwa ikweta, miezi mingi ya mwaka mambo yanageuka, kivuli cha mchana kinaenda kusini.

Kama jua halionekani na vivuli hamna, tafuta madishi ya TV juu ya nyumba. Huku Ghuba na Misri watu wengi wanapokea Nilesat na Arabsat, ukiwa Omani hizo setilaiti ziko upande wa kusini-magharibi kuelekea magharibi, kwa hiyo madishi ya kijiji kizima yameangalia huko. Mpigapicha hakuyatazama kabisa, na ndiyo maana nayaamini, vitu ambavyo hakuna aliyevipangia mkao ndivyo vinavyosema ukweli.

Nianze na Musandam manake ndiyo iliyo karibu yangu. Hii ni ncha ya kaskazini ya Omani, imetengwa na Omani nyingine na ardhi ya Emirates, na inaangalia Mlango wa Hormuz. Jiwe lake ni jiwe la chokaa, kijivu au kahawia iliyopauka, na ukizumu unaona matabaka, mstari juu ya mstari, mara nyingi yameinama upande mmoja, mlima mzima umelala mshazari. Jiwe linashuka wima mpaka ndani ya maji, hamna ufukwe wa kutembea, na bahari imeingia ndani kwa hori ndefu zilizojikunja mpaka picha zingine unadhani ni ziwa. Hiyo ndiyo shida yake, kwenye hori maji yako pande zote, lile swali la bahari iko upande gani linakuwa gumu, hapo ndipo jiwe linakusaidia.

Na tofautisha na huku kwetu Maskati. Milima mingi inayouzunguka mji ni ya rangi ya giza, kahawia inayokaribia nyeusi, imevunjikavunjika, haina yale matabaka. Kuna sehemu inaitwa Bandar Khayran, kusini-mashariki mwa Maskati, nayo ina vihori vizuri sana na picha zake watu wanaziandika Musandam kila siku. Angalia kimo. Khayran vilima ni vifupi, na kuna mikoko ndani ya hori. Musandam ukuta wa jiwe unapanda mamia ya mita juu ya boti, na Jebel Harim kwa nyuma huko inafika mita 2,087.

Kama kuna mtu kwenye picha, mtazame vizuri kwa heshima. Mwanamume mwenye kanzu isiyo na kola, kishada kidogo kinaning'inia shingoni, na kofia iliyodariziwa kwa matundu madogo madogo, ambayo mtu wa Unguja ataijua hata akiiona usiku, huyo ni Mwomani. Lakini hiyo inakupa nchi tu. Ukimwona mzee ameshika fimbo ndefu yenye kichwa cha kishoka kidogo cha chuma, hapo umefika, ile inaitwa jirz na ni ya Washihuh, watu wa milima ya Musandam na upande wa pili wa mpaka, Ras al Khaimah. Na huko juu milimani kuna nyumba za mawe zilizozama nusu ardhini, mlango mfupi, kuta nene, walizokuwa wanafungia nafaka na mali zao wakishuka pwani wakati wa joto. Ukiona moja yenye paa la mawe na udongo, acha kutafuta Sinai.

Namba za gari: Omani za magari binafsi ni njano, za teksi na biashara ni nyekundu. Ila angalizo, Khasab, mji mkuu wa Musandam, wageni wengi wanatoka Emirates kwa gari, kwa hiyo pleti ya Dubai kwenye maegesho haimaanishi uko Dubai. Na gari kuendeshwa upande wa kulia wa barabara hakukusaidii kitu hapa, Omani, Misri, Meksiko, Kolombia, Peru, wote wanaendesha kulia.

Sasa Sinai. Hapa nikupe picha yenyewe niliyoifanyia kazi. Binamu yangu wa kike aliyeko Mombasa alinitumia picha kutoka kwa wakala mmoja, imeandikwa Musandam, akaniuliza, "Kaka, hapa ni kwenu? Nitume hela?" Nikaikuza kidogo kidogo. Kwenye kona ya kushoto mlima ulikuwa mwekundu unaoelekea pinki, hauna matabaka hata moja, umekatwa na mishipa ya jiwe jeusi inayopanda kutoka chini mpaka kileleni. Hiyo ni graniti, na ile mishipa nyeusi ni alama kubwa ya kusini mwa Sinai. Majini kulikuwa na ukanda mwembamba wa maji mepesi karibu na nchi kavu, halafu ghafla mstari, na baada ya mstari bluu nzito. Huo ni ukingo wa matumbawe, miamba imeshikana na pwani na baada yake kina kinaporomoka. Halafu mbali, ng'ambo ya maji, safu nyingine ya milima iliyofifia. Ghuba ya Akaba haifiki kilomita 30 kwa upana, kwa hiyo ukisimama Dahab au Nuweiba, miji ya pwani hiyo ya Sinai, unaiona Saudia kwa macho. Vivuli vya mchana vilienda kushoto, na kushoto ndiko mlima uliko, nikageuza Google Earth mpaka ikakaa sawa na picha: kamera inaangalia kaskazini-mashariki, bahari mashariki, Sinai upande wa Akaba. Nikamwambia, "Dada, hiyo siyo Omani, tulia na hela zako. Mwombe huyo wakala picha ya boti yake ikiwa bandarini Khasab." Picha haikuja, na yeye hakutuma.

Hapo ongeza hili: upande huo wa Sinai jua linachomoza baharini na jioni linazama nyuma ya milima mapema sana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha jua linazama ndani ya maji na anasema Dahab, mwulize tena. Upande wa pili, Ghuba ya Suez, ndiko jua linakozama majini, na huko utaona hata majukwaa ya kuchimbia mafuta mbali baharini, kitu ambacho upande wa Akaba hukuti.

Ukitoka huku Uarabuni, mimea ndiyo inayokata kesi haraka. Rasi ya Baja California, Meksiko, ina kaktasi mkubwa wanaouita cardón, unapita mita 10 kirahisi, umesimama mpaka pwani kabisa. Hamna kaktasi wa asili wa namna hiyo Sinai wala Omani. Na katikati ya rasi kuna mti wa ajabu unaitwa cirio, shina limenyooka, nene chini na jembamba juu, vitawi vifupi vimetoka mwili mzima, huo haupatikani isipokuwa hapo na sehemu ndogo ng'ambo, pwani ya Sonora. Ukiuona, kesi imefungwa. Barabara kuu namba 1 ya rasi hiyo, ambayo ilikamilika 1973, ni nyembamba na sehemu nyingi haina bega pembeni, na lile swali letu linafanya kazi vizuri sana hapa: magharibi ni Pasifiki, mawimbi makubwa na ukungu wa asubuhi, mashariki ni Bahari ya Cortés, maji yametulia.

Guajira, ncha ya juu kabisa ya Amerika ya Kusini, Kolombia, ni jangwa linaloingia Karibi. Matuta ya mchanga ya Taroa yanateremka moja kwa moja mpaka kwenye maji, na wanawake wa Kiwayuu, wenyeji wa hapo, wanavaa magauni mapana yanayofika miguuni na kufuma mikoba ya rangi. Mti unaoitwa dividivi umepinda wote kuelekea magharibi kwa sababu upepo unavuma kutoka mashariki mwaka mzima, hiyo ni dira ya bure. Paracas, Peru, ni kinyume chake, hamna mti, hamna kichaka, hamna nyasi, udongo wa njano na ufukwe mmoja mwekundu kweli kweli, halafu kwenye jangwa hilo hilo unakuta pengwini na simba wa bahari, manake mkondo wa bahari unaopita hapo, wa Humboldt, ni wa baridi. Kulikuwa na upinde mkubwa wa jiwe unaitwa La Catedral, uliporomoka kwenye tetemeko la Agosti 2007, kwa hiyo picha yenye upinde mzima ni ya kabla ya hapo. Unaona, saa ingine jiwe linakupa mpaka mwaka.

Katari ni bapa, nyeupe, na kama kuna vibao vinne virefu vya chuma vimesimama mstari jangwani, hiyo ni kazi ya mchongaji Richard Serra ya 2014 karibu na Zekreet, sina la kuongeza.

Rasi Hafun ndiyo naomba watu wetu waijue zaidi. Iko Somalia, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya bara la Afrika, na picha zake ni chache mno. Ina mlima wenye kichwa bapa uliounganishwa na bara kwa shingo ndefu ya mchanga, na karibu na mji kuna magofu ya kiwanda cha chumvi cha Waitaliano, enzi hizo wakiuita mji Dante. Ukiangalia kwa setilaiti ile shingo ya mchanga huwezi kuichanganya na kitu kingine kwenye pwani hiyo yote.

Kuhusu vifaa, usihangaike na vya kulipia. Google Lens na Yandex kwanza, zinatafuta mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, kuona kama picha imeshawekwa pengine kabla. Data zilizofichwa ndani ya picha usizitegemee, WhatsApp inazifuta picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Halafu Google Earth ya kompyuta, inamishe mpaka uone milima kwa pembeni kama aliyepiga picha alivyoiona, ufananishe mstari wa vilele na anga, siyo mlima mmoja, vilele vitatu au vinne kwa mpangilio wake. SunCalc itakupa jua lilikuwa wapi saa ngapi. Kisha kaa na picha. Mimi naanza na kona nne, naacha katikati mpaka mwisho, katikati ndiko kuna mtu anatabasamu.

Na kuna ambazo huwa nazikataa. Mtu akiniletea picha ya mwanamke fulani yuko likizo anataka kujua yuko hoteli gani, simsaidii, hata aseme ni mke wake. Picha ya mahali sawa, picha ya wakala sawa, picha ya kumtafuta mtu ambaye hajataka kutafutwa hapana. Na wewe ukisafiri, posti ukishaondoka hapo.

Ukijibu kwenye grupu, usiseme jina tu, sema umeonaje. "Graniti, matumbawe, bahari mashariki, Saudia ng'ambo, kwa hiyo Sinai upande wa Akaba." Na ukifika nusu, sema nusu: "Ni Omani, jiwe ni la Musandam, hori ipi bado sijaipata." Mwenzio atakuja na ile hori.