Usikariri Seli, Uliza Nani Anamzuia Nani

Wadogo zangu mnaoanza somo la kinga ya mwili muhula huu, nianze na aibu yangu: nilipata supu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Si kwamba sikusoma. Nilibukua mpaka usiku wa manane pale Upanga, nikiwa na desa la safu mbili, jina la seli kushoto, kazi yake kulia. Makrofaji humeza. Seli B hutoa kingamwili. Swali lililoniangusha lilikuwa hili: VVU hushambulia hasa seli za CD4, sasa kwa nini mgonjwa anashindwa hata kutengeneza kingamwili nzuri? Nilikodolea karatasi macho mpaka msimamizi akapita kuikusanya.

Kwenye desa langu jibu halikuwepo, kwa sababu si kazi ya seli yoyote peke yake. Seli B kwa sehemu kubwa humngoja seli T saidizi, huyo huyo tunayemhesabu tukipima CD4. Makrofaji naye anaweza kummeza bakteria wa TB akakaa naye tumboni miaka, mpaka seli T amletee interferoni gama, kemikali ya ujumbe, ndipo apate makali ya kumuua. CD4 ikishuka chini ya seli 200 kwa mikrolita ya damu, wengine wapo lakini hawana wa kuwaamsha.

Niliporudia somo nilinunua karatasi ya manila na kalamu mbili. Mshale mweusi: huyu anamwamsha yule. Mwekundu: huyu anamzuia yule. Anzeni na seli T mchanga anapokutana na seli ya dendriti, mwonyeshaji wa vipande vya vijidudu, ndani ya tezi ya limfu (mtoki). Kuonyeshwa kipande cha kijidudu hakumtoshi. Lazima B7, protini iliyo juu ya dendriti, ishikane na CD28, protini iliyo juu ya seli T. Ni daladala la Gongo la Mboto: lijae mpaka mlangoni, dereva haondoki konda hajagonga bodi. Anayepata ishara ya kwanza tu hupooza, na kumwamsha baadaye ni shida. Akishaamka, anaotesha protini nyingine, CTLA-4, inayoishika B7 ile ile kwa nguvu kuliko CD28. Yaani anajifungia breki mwenyewe.

Wiki moja kabla ya supu nikaona manila yangu ni nyeusi tupu, mishale miwili mitatu tu myekundu. Hapo nikajua bado sijaelewa. Utamu wote uko kwenye wekundu, na walimu wengi hufika huko muda umekwisha. Mchukueni seli T dhibiti: anainywa intalukini-2, kemikali ya ujumbe ambayo wenzake wanaihitaji ili waongezeke, na anaichomoa B7 kwenye ngozi ya dendriti. Mtafiti wa Japani, Shimon Sakaguchi, alionyesha kuwa seli huyu yupo mwaka 1995, wakati wengi walishaichoka habari ya seli zinazozuia nyingine. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni ya FOXP3, ambayo seli T dhibiti anaitegemea. Ikiharibika, mtoto wa kiume huzaliwa bila breki hiyo, na kinga yake humshambulia utumbo, ngozi na kongosho angali mchanga. Watatu hao walipewa Nobel mwaka 2025. (Majina ya intalukini yatawachanganya. Msianze nayo.)

Wodini ndiko mishale iliponikaa kichwani. Mgonjwa wa TB na VVU, wiki ya tatu tangu aanze ARV, alirudi na homa, mitoki ya shingo imevimba kama limao. Dada yake alinivuta pembeni: "Dokta, hizi dawa ndizo zinamuua?" Hapana, dada. CD4 zake zimeanza kurudi, zimewakuta bakteria na mabaki yao, zimewaamsha makrofaji wote kwa pamoja. Wakubwa wangu walihakikisha kwanza si TB sugu, wala si dozi zilizorukwa. Dawa hazikukatishwa.

Akafikiri kidogo. "Sasa zikirudi kwa fujo hivyo, nani anaziambia inatosha?"

Kwa wiki zile, prednisolone, dawa ya kutuliza kinga. Nikamwonyesha kidonge chenyewe.